Ndoo Haina Kadi

Bombani Ihumwa, maji yakiwa ya mgawo,
ndoo yangu ya njano hunisimamia foleni.
Naiweka saa kumi alfajiri, natia jiwe ndani
isichukuliwe na upepo huu usio na adabu,
kisha naondoka zangu kibaruani.
Hakuna anayeiruka. Zamu yake ikifika
mtu ataijaza, ataisogeza kando,
na jioni nitaikuta, vumbi jekundu juu ya maji
kama utando wa chai.

Lakini ndoo haina kadi ya mpiga kura.

Redio ilisema Jumatano ni mapumziko.
Nikacheka peke yangu, mswaki mdomoni.
Mapumziko hulipwa mwenye mshahara;
sisi wa kutwa, siku tusiyofika
haikuwahi kuwapo duniani.

Mtumba siku hiyo tulikuwa na slebu ya ghorofa ya tatu,
ofisi ya mheshimiwa
ambaye bado hatujamchagua.
Fundi Chiloleti akasema asemavyo siku zote:
zege halilali.
Kweli. Ukilikatiza linaacha ufa,
na ufa wa slebu hauzibwi kwa maneno.
Lakini sanduku nalo, mkuu, halisubiri.
Saa kumi jioni linafungwa mdomo,
kisha hulo linalala miaka mitano.

Perisi Masinjisa, mbeba ndoo za zege,
hakupandisha sauti.
Alichora kwa msumari ubavuni mwa mashine:
watu ishirini na sita, pikipiki moja,
kituo, kwa miguu, dakika arobaini.
"Kumi waende sasa, lori la kokoto halijaja.
Kokoto hazijawahi kuwahi.
Wakirudi, wanane. Halafu sisi saba."
Chiloleti aliitazama hesabu ile,
akavua kofia, akaivaa tena.
"Na mimi mmenipanga wapi?"

Wa ishirini na sita ni Lechipya.
Jina lake liko Kibakwe, alikoliandikisha
mwaka ule mtama ulipokubali.
Nauli ya kwenda na kurudi ni kutwa tatu.
Alibaki na koleo lake, akatupigia kelele tukishuka:
"Nipigieni na yangu!"
Tukacheka.
Kwenye ngazi ya pili hakuna aliyekuwa akicheka.

Nilikuwa kundi la mwisho,
na siku hiyo, ajabu, kokoto ziliwahi.
Saa tisa na robo nilikuwa bado na toroli.
Nilikimbia na mabuti, saruji ikinikaukia magotini,
nikapita mbuzi, nikapita vibanda vya chipsi vilivyofungwa,
nikafika shuleni saa kumi kasoro dakika mbili.
Mgambo alikwishasimama mkiani mwa foleni
kama nukta.
Alinitazama mabuti.
Akarudi hatua moja nyuma.

Binti wa wino alikishika kidole changu kidogo,
akakigeuzageuza. Saruji imekila,
hata michirizi ya kuzaliwa nayo haionekani.
"Hiki kitashika kweli?"
Kilishika. Kiliniwasha kwenye nyufa
mpaka usingizi uliponipitia.

Ndoo niliikuta imejaa, imefunikwa sinia la mtu.
Nikakaa juu ya jiwe langu, nikawaza:
bomba bovu, linalotoka siku mbili kwa wiki,
limejua kumngoja aliye kazini.
Je, kura? Siombi makubwa.
Kituo kimoja pale pale Mtumba, tunapojenga.
Sanduku likeshe kidogo, hata hadi saa mbili usiku;
nasi hukesha, wala hatujafa.
Na jina la Lechipya
lisafiri na Lechipya.

Jumamosi, siku ya malipo,
karani alinikata saa moja na nusu.
Akanisogezea daftari na kalamu isiyoandika.
Nilitia dole gumba.
Noti nilizihesabu polepole, mbele yake,
kwa mkono ule wenye wino.